Mdeni wa Wolfenbüttel

Soma: Mithali 22:7, Warumi 13:8.

Huku Kwai mkulima wa kabichi anaweza kuchukua mbegu na mbolea kwa mkopo, akiahidi kulipa atakapovuna. Pengine aliyemkopesha ndiye atakayenunua kabichi hizo, na bei anaipanga yeye. Juma hili tumtazame mtu aliyelijua deni tangu ujana wake.

George Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Baba yake alikuwa mkusanya kodi, na mtoto akajifunza mapema kuiba fedha za serikali zilizotunzwa nyumbani. Alipofikisha miaka 16 alikwenda kustarehe katika nyumba za wageni bila kuwa na fedha za kulipa. Wolfenbüttel wakamkamata. Alikaa gerezani mpaka Januari 12, 1822, baada ya baba yake kulipa deni. Gereza halikumbadilisha, alirudi shuleni akaendelea kukopa na kudanganya.

Mwaka 1825, akiwa mwanafunzi wa theolojia Halle, alialikwa kwenye kikundi cha maombi nyumbani kwa muumini. Hapo aliona mtu akipiga magoti kuomba, jambo ambalo hakuwa amelishuhudia kamwe. Maisha mapya yakaanza.

Alihamia Uingereza, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya yatima mjini Bristol. Mwanzoni mkate na maziwa vililipiwa kila juma. Müller akaona mtego: juma likiisha na fedha hazipo, tayari anadaiwa na mwoka mikate. Akaamua kulipa kila siku, na asiponacho, asinunue. (Sisi tungesema, mwenye duka ananijua, aandike tu kwenye daftari.) Alipotaka kujenga nyumba kubwa Ashley Down, alingoja fedha zitimie kwanza, huku yatima wakisubiri nafasi. Kazi ilikuwa ya Mungu, uhitaji ulikuwa wa kweli, na bado hakukopa.

Alifariki Machi 1898. Yatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwake.

Maswali ya kujadili: Müller hakuwa mkulima, na mvua haimngoji mtu akusanye fedha za mbolea. Je, kuna mkopo ambao mkulima wa Kwai anaweza kuuchukua bila mkopeshaji kuwa bwana wa shamba lake? Na ndugu aliyekwisha kunaswa na mikopo ya kausha damu, darasa lenu litamsaidiaje kabla ya msimu ujao?