Shaaban Robert, karani wa forodha aliyeijua safari ya moyo

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Ndugu zangu mnaopitisha mizigo Kobero na Mugina mnisikilize: huyu gwiji wa riwaya ya Kiswahili alikula mkate wa forodha hadi mwaka 1944. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyamapori huko Longido, na mwaka 1946 akarudi Tanga kuendelea na ukarani wa serikali.

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto wawili. Alimtungia mkewe shairi la maombolezo, na watoto akawatungia tenzi za kuwaongoza maishani, mmoja wa binti na mmoja wa mvulana.

Mimi nilimsoma nikiwa mwanafunzi katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania. Leo ninawafundisha vitabu vyake watoto wa huku nyumbani, nao huniuliza kwa nini wahusika wake wana majina kama Adili, Hasidi na Mwivu. Ninawajibu kwamba hizo ni sura za watu tunaowakuta katika ngano tangu zamani: mwema anayesalitiwa, ndugu mwenye kijicho, msafiri anayerudi. Wataalamu huziita vikale. Jina linakuonyesha mtu ni nani. Kazi ya hadithi ni kuonyesha moyo wake unapita wapi.

Chukua Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ndugu watatu wanagawana urithi. Wawili wanapoteza mali yao katika biashara, Adili anawagawia tena. Wanasafiri pamoja kwa jahazi, na kwa wivu wanamtosa baharini. Jini aliyewahi kuokolewa na Adili anamwokoa, anawageuza ndugu zake kuwa manyani, na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawachapa huku moyo unamuuma, kisha anawalisha. Safari ya bahari imekwisha zamani. Hii ya ndani bado inaendelea, kwa sababu fimbo inamchoka mpigaji pia.

Nani kati yetu tuliorudi haijui fimbo hiyo? Niliporudi nilikuta shamba la marehemu baba linalimwa na jamaa wa ukoo. Kwa miaka nilimchapa kila usiku kitandani, yeye akiwa amelala kwake bila habari.

Lakini Shaaban Robert hakusema samehe tu, yaishe. Katika kitabu hicho, Mfalme Rai alipopata habari alimwita Adili, akasikiliza kisa chote tangu mwanzo, ndipo akawaombea wale ndugu msamaha. Msamaha ulikuja baada ya shauri kusikilizwa. Hata katika Kusadikika, cha mwaka 1951, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Walirudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Baada ya kusikilizwa, Karama anashinda na wajumbe wanafunguliwa. Kwa aliyerudi na elimu ya ugenini akaitwa mgeni kwao, kisa hicho si ngano.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Baadhi ya riwaya zake, kama Utubora Mkulima, zilichapishwa yeye akiwa kaburini. Humo karani anaacha mshahara mnono na kwenda kulima.

Mimi na jamaa yangu tulikaa mbele ya wazee, kila mmoja akasema yake hadi mwisho. Shamba tumeligawana. Usiku sasa ninalala.