Leopold wa Pili, Mfalme wa Nchi Mbili

Leopold alizaliwa mjini Brussels mwaka 1835, akatawazwa kuwa mfalme wa Wabelgiji mwaka 1865, baba yake alipofariki. Katika nchi ile mfalme alifungwa na sheria. Amri yake haikuwa na nguvu mpaka waziri aitie sahihi pamoja naye, nao wajumbe wa Bunge waliweza kumnyima fedha.

Walakini moyo wake ulitamani nchi ya mbali. Akamtuma Stanley kufanya mapatano na majumbe wa mto Kongo, ambao hawakuweza kusoma barua walizozitia alama. Mwaka 1885 mataifa makubwa yakamkubali kuwa mwenye Kongo, kwa kuwa aliahidi kuikomesha biashara ya watumwa. Lakini nchi ile haikuwa ya Ubelgiji, ilikuwa yake peke yake. Na hapo ndipo, kwa maoni yetu, mlango wa msiba ulipofunguliwa. Mtu ni yule yule, na tamaa ni ile ile, ila sasa hapakuwa na wa kumwuliza. Alitunga sheria za Kongo akiwa Ulaya, wala hakuikanyaga nchi ile maisha yake yote. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Unguja, aliyejulikana sana kwa biashara ya watumwa, alifanywa liwali wake huko Stanley Falls. Hilo peke yake lingetosha kuwafumbua macho watu.

Kisha mpira ukapanda bei kwa ajili ya magurudumu ya baiskeli na motokaa. Ardhi isiyolimwa ikaandikwa kuwa mali ya serikali, na vijiji vikatozwa mpira kwa kipimo. Mabwana wa vituo walipata bakshishi kwa kadiri ya mpira ulioletwa, basi mwenye huruma alipata hasara. Wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi kutoka msituni. Askari walihesabiwa risasi, wakatakiwa kuonyesha mkono wa kuume wa mtu kwa kila risasi. Wengine wakakata mikono ya walio hai. Mfalme mwenyewe hakushika kiboko. Alitaka mpira tu, wala hakuuliza umepatikanaje.

Wengi waliona wakanyamaza, lakini si wote. Mwaka 1899 William Sheppard, mmisionari Mwamerika mweusi, alihesabu mikono 81 iliyokuwa ikikaushwa juu ya moto. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, alitambua bandarini Antwerp kwamba meli zilileta mpira na pembe, zikarudi Kongo na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kuwalipa watu. Mwaka 1904 ikatangazwa taarifa ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza. Leopold akapeleka tume yake mwenyewe, akitumaini itamsafisha. Nayo mwaka 1905 ikathibitisha mabaya mengi.

Mwaka 1908 Bunge la Ubelgiji likamwondolea Kongo. Kabla ya kuikabidhi aliamuru karatasi za serikali yake zichomwe, nazo zikawaka siku nyingi mjini Brussels. Akafa mwezi wa Desemba 1909.