Angela Giussani, mama wa Diabolik na Eva Kant

Angela Giussani alizaliwa Milano, inchini Italia, mwaka wa 1922. Alipigwa picha za matangazo, akaandika katika magazeti, akapata hata ruhusa ya kuendesha ndege, jambo la ajabu kwa mwanamke wa wakati ule.

Ofisi yake ilikuwa karibu na gare ya Cadorna, pale wafanyakazi wengi wanaposhukia treni. Akawafikiria hao: kitabu kidogo cha katuni, cha kuingia mfukoni, cha kumaliza safarini. Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka wa 1962, Diabolik akatoka: mwizi mwenye kubadilisha sura, na inspekta Ginko akimfuata nyuma. Kiisha Luciana, mdogo wake Angela, akaja kuandika pamoja naye.

Lakini utamu wenyewe uliletwa na Eva Kant. Aliingia katika namba ya tatu, mwaka wa 1963. Diabolik alikuwa amehukumiwa kukatwa kichwa, na ni Eva aliyemuokoa. Wasichana wengi wa katuni za wakati ule walikuwa wa kungojea kuokolewa tu! Tangu siku hiyo wanapanga wizi pamoja, na Ginko anajua kwamba kumfunga mmoja hakutoshi.

Si wote waliofurahi. Dada hao walishitakiwa mara nyingi, eti vitabu vyao vinaharibu vijana. Kila mara mahakama haikuwapata na kosa.

Angela alifariki mwaka wa 1987. Luciana akaendelea na kazi, naye akafariki mwaka wa 2001. Diabolik na Eva wangali huru mpaka leo.