Siti binti Saad na Santuri

Mwanafunzi, ukiweka kiganja chako juu ya ngozi ya ngoma inayopigwa, utahisi ngozi hiyo inatetemeka. Sauti yote hutokana na mitetemo. Mitetemo hiyo husafiri hewani hadi masikioni, lakini hufifia kadiri inavyokwenda mbali. Kwa hiyo zamani mtu wa Mzenga, huko Kisarawe, aliyetaka kumsikia mwimbaji wa Unguja, ilimbidi ashuke mpaka pwani na kuvuka bahari.

Mwimbaji aliyesifika mno huko Unguja alikuwa Siti binti Saad. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kwa wazazi maskini. Hakusoma shule. Alifinyanga vyungu, akavichukua mjini na kuvinadi kwa sauti iliyowavuta watu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki wa taarabu.

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, wakaimba kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Fikiri: mbele yake hapakuwa na watu wa kumtunza, bali chombo tu. Mitetemo ya sauti yake iliitikisa sindano, nayo sindano ikachora mfuo wenye mawimbi katika sahani ya nta. Kutokana na sahani hiyo zilitengenezwa santuri nyingi ngumu. Santuri ilipozungushwa mara 78 kwa dakika, sindano ya gramafoni iliufuata mfuo, ikatetemeka vile vile, na sauti ikatoka. Gramafoni nyingi hazikuhitaji umeme. Zilitiwa ufunguo kama saa.

Basi aliyeko bara aliweza kumsikia Siti pasipo kupanda jahazi. Hata hivyo, chombo hiki kilikuwa na masharti yake. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo ambao mbele ya watu ungerefushwa kadiri walivyopendezwa, sasa ilibidi ukatwe. Tena santuri haimwoni msikilizaji: ukiipigia makofi, haiongezi ubeti.

Siti alifariki mwaka 1950. Nyimbo zake kadhaa zimenakiliwa kutoka santuri kuukuu na kutiwa katika vyombo vya kisasa. Ukibahatika kuzisikiliza, utasikia pia mkwaruzo nyuma ya sauti yake. Hiyo ni sindano inayopita juu ya vumbi na michubuko iliyomo katika mfuo.