Claude Cahun na Sura Zake

Lucy Schwob alizaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1894. Baadaye alijiita Claude Cahun, jina la Claude likiwa la wanaume na wanawake pia. Katika picha alizopiga akisaidiwa na mwandani wake, Marcel Moore, alinyoa kichwa, akavaa suti, na mnamo 1927 akajifanya mnyanyua vyuma mwenye midomo iliyopakwa rangi. Kifaransa hulazimu vivumishi vionyeshe jinsia. Kiswahili, chenye kiambishi a- kwa wote, kingemfaa zaidi.

Mwaka 1937 walihamia kisiwa cha Jersey. Wajerumani walipokiteka mwaka 1940, walisambaza kwa siri vikaratasi vya uchochezi vilivyojifanya kazi ya askari Mjerumani asiye na jina: barakoa ile ile, safari hii ya maneno. Walikamatwa 1944, wakahukumiwa kifo, hukumu haikutekelezwa. Picha nyingi ziliharibiwa. Cahun alifariki 1954.