Louis Leakey wa Oldupai: Somo la Kudhoofisha Hoja

Katika majaribio ya kupima uwezo wa kufikiri, liko swali moja linalowasumbua wanafunzi na walimu wao kwa kiasi sawa. Mwanafunzi hupewa hoja isemayo kwamba jambo fulani limesababishwa na jambo jingine, kisha huulizwa ni maelezo yapi kati ya manne yanayoidhoofisha hoja hiyo. Wengi hukosea kwa kuwa hudhani kwamba kudhoofisha ni kukana. Njia mojawapo ya kuwaondolea dhana hiyo ni kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hoja zake mwenyewe zilidhoofishwa, naye akakubali. Mtu huyo ni Louis Leakey. Mahali penyewe ni Korongo la Oldupai, ambalo msafiri atokaye Karatu hulifikia baada ya kupanda hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro na kuteremka upande wa Serengeti.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903, huko Kabete nchini Kenya, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaijua lugha yao sawasawa, na tangu utotoni alipenda kuokota zana za mawe za watu wa kale. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1924, kabla hajamaliza masomo yake, alifika Tendaguru, Lindi, katika msafara wa kuchimba mifupa ya dinosauria.

Hoja ya kwanza aliikuta imekwisha kujengwa na mtu mwingine. Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani, Hans Reck, alichimbua mifupa ya binadamu katika tabaka la pili la Oldupai, tabaka lenye mifupa ya wanyama waliotoweka zamani sana. Reck alihitimisha kwamba mtu huyo aliishi zama zile zile za wanyama hao. Leakey alikuwa na mashaka. Lakini mwaka 1931 alikwenda Oldupai pamoja na Reck, akapaona mahali penyewe, akashawishika, na akaitetea hoja hiyo mbele ya wataalamu wenzake.

Ndipo udongo ulioigandia mifupa ile ulipochunguzwa. Ndani yake zilionekana chembe nyekundu na vipande vya chokaa ambavyo asili yake ni matabaka ya juu. Maana yake ilikuwa wazi: mtu huyo alizikwa. Kaburi lake lilichimbwa na kupenya hadi ndani ya tabaka la kale, muda mrefu baada ya tabaka hilo kufanyika. Mwaka 1933 Leakey na Reck walikiri hadharani kwamba walikosea.

Mwanachuo na aangalie jambo hili kwa makini. Hakuna aliyekana kwamba mifupa ilikuwamo katika tabaka la pili. Ukweli huo ulibaki pale pale. Kilichokatika ni kiungo kati ya ukweli huo na hitimisho, kwa sababu ilipatikana njia nyingine ambayo mifupa ingeweza kufika pale.

Hoja ya pili ilikuwa yake mwenyewe, nayo ilimgusa zaidi. Tangu 1931 zana za mawe zilikuwa zikiokotwa Oldupai kwa wingi, lakini aliyezitengeneza hakujulikana. Leakey alingoja miaka 28. Tarehe 17 Julai, 1959, akiwa amelala kambini kwa homa, mkewe Mary, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, aliliona fuvu lenye magego makubwa mno. Walilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa zamani waliliita pwani yetu. Mwaka 1961 kipimo cha majivu ya volkeno kilionyesha kwamba umri wake ni kama miaka 1,750,000. Kwa kuwa fuvu lilikuwa pamoja na zana za mawe, Leakey alitangaza kwamba mwenye fuvu ndiye aliyezitengeneza zana.

Haukupita muda mrefu. Kuanzia mwaka 1960, si mbali na hapo, mwanawe Jonathan na wenzake walipata taya, vipande vya fuvu na mifupa ya mkono ya kiumbe mwingine wa zama hizo, mwenye ubongo mkubwa zaidi. Sasa walikuwapo wawili ambao wangeweza kuwa watengenezaji. Mwaka 1964 Leakey, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, alimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi, na sifa ya kutengeneza zana akahamishiwa yeye. Leakey aliivunja hoja yake kwa mkono wake. Alifariki London tarehe 1 Oktoba, 1972.

Hata hivyo, kudhoofisha hoja si kuthibitisha kinyume chake. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba huko Nyayanga, magharibi mwa Kenya, yamepatikana magego mawili ya jamaa wa Zinjanthropus pamoja na zana za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili na nusu. Swali limefunguliwa upya. Lakini kupatikana pamoja bado hakutoshi kuwa ushahidi wa nani alizitengeneza.

Darasani, mwalimu aanze na jambo ambalo watoto wanalijua. Tuseme shule moja ya Mang'ola ilinunua kengele mpya, na mwezi huo mahudhurio yakaongezeka. Mwalimu mkuu akasema kengele ndiyo sababu. Je, ni lipi linaidhoofisha hoja yake: kwamba kengele ilikuwa ghali, kwamba mavuno ya vitunguu yalikwisha mwezi huo huo, kwamba walimu hawachelewi, au kwamba kengele inasikika mbali? Jibu ni la pili, kwa kuwa linaleta sababu nyingine. Halisemi kwamba mahudhurio hayakuongezeka, wala halithibitishi kwamba kengele haikusaidia kitu. Kadhalika, kama shule jirani isiyo na kengele nayo ilipata ongezeko lile lile, hoja ingedhoofika.

Kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo atunge maswali mawili ya namna hii kutokana na maisha ya kijiji atakachopangiwa. Kisha ampe mwenzake ayadhoofishe majibu yake, naye ayapokee makosa yake kama Leakey alivyoyapokea ya kwake mwaka 1933.