ALILISHWA NA WATUMWA, AKASAHAU



Umepewa karatasi hii njiani, na labda hukuiomba. Usiitupe kwanza. Isome hata kama umesimama kituoni unangoja gari. Mimi sikuulizi dini yako wala kabila lako. Nakuuliza jambo moja tu: ni nani aliyekupa chakula siku ile ulipokuwa huna kitu? Na leo yuko wapi?

Nakuletea habari za Mwingereza mmoja wa zamani, John Newton. Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, wimbo wake wa Amazing Grace umeusikia, redioni au msibani. Watu wengi wakimhubiri husema hivi: alikuwa mfanya biashara ya watumwa, akapigwa na dhoruba, akaokoka, akaacha biashara, akatunga wimbo. Habari tamu, lakini haikuwa hivyo, rafiki yangu. Habari yenyewe ni ndefu zaidi na inauma.

Alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake alikuwa mcha Mungu, akamfundisha kusoma, akamkaririsha Maandiko na nyimbo akiwa mdogo kabisa. Mama huyo alikufa kwa kifua kikuu kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Baba alikuwa nahodha, mtu wa safari, na John alipofikisha miaka 11 akamchukua baharini. Basi huko kijana akaharibika. Akaanza kumdhihaki Mungu yule yule wa mama yake, na hakutosheka kukufuru peke yake, aliwavuta na wenzake.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la majini. Baba yake akamsaidia akapewa cheo kidogo. Je, alishukuru? Hapana! Alitoroka. Wakamkamata, wakamvua nguo, wakamchapa viboko mbele ya mabaharia wote, na cheo kikaondolewa. Mwishowe akabadilishwa kwenda meli ya biashara ya watumwa, akashukia pwani ya Afrika Magharibi, kwenye visiwa vya Plantain karibu na Sierra Leone. Huko akawa mfanyakazi wa mzungu mmoja mwuza watumwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo moyo wa habari hii ulipo.

Huyo tajiri wake alikuwa na mke Mwafrika, mwanamke mwenye nguvu katika nchi ile. Newton akaugua homa kali. Bwana alikuwa safarini, na yule mama hakumpenda kabisa. Alilala juu ya mkeka, kichwa kwenye gogo, hata maji ya kunywa akayapata kwa shida. Akipewa chakula, ni makombo kutoka sahani ya yule mama. Siku moja sahani ilimponyoka mikononi kwa udhaifu, chakula kikamwagika, nao wakamcheka na hawakumpa kingine. Usiku alitambaa kwenda shambani kung'oa mizizi akaila mbichi. Mzungu huyo, mtoto wa nahodha!

Unajua ni nani walimhurumia? Watumwa. Watu waliofungwa minyororo, wanaongoja meli ya kuwapeleka ng'ambo wasirudi tena. Hao ndio walipunguza posho yao ndogo wakampelekea kwa siri, kwa maana wangeonekana wangeadhibiwa. Newton mwenyewe aliyaandika mambo haya baadaye. Majina yao hakuyaandika, na inaelekea hakuyajua.

Fikiri kidogo. Mtu ana mnyororo shingoni, kesho yake ni giza tupu, naye anamwonea huruma mgonjwa ambaye kazi yake ni kununua watu kama yeye! Mimi nikifika hapa huwa naacha kusoma kwanza.

Wakati wa mateso yale tajiri alimpa kazi ya kupanda miche ya ndimu. Akamdhihaki kwamba labda miti hiyo ikikua Newton atarudi akiwa nahodha aje achume matunda yake. Ilikuwa kejeli tu. Shika neno hilo, tutarudi kwake.

Baba yake alipopata barua akamwomba rafiki yake, tajiri wa meli wa Liverpool, amtafute mwanawe. Meli iitwayo Greyhound ikamkuta mwaka 1747. Wakati huo alikuwa amepata bwana mwingine na maisha yalikuwa yamenyooka, hivyo hakutaka hata kuondoka! Nahodha ilibidi amdanganye kwamba ana urithi unamngoja. Na alipopanda meli hiyo iliyotumwa kwa upendo wa baba, kazi yake ilikuwa matusi na kukufuru, mpaka nahodha akaogopa kwamba amebeba Yona.

Tarehe 21 Machi 1748, kwa kalenda tunayotumia leo, dhoruba ikaipasua meli ubavu. Maji yakaingia usiku watu wamelala. Newton alikuwa anapanda juu, nahodha akamtuma arudi achukue kisu. Mtu mwingine akatangulia kupanda, wimbi likambeba moja kwa moja. Mtu huyo alikufa mahali pa Newton. Walipiga pampu tangu alfajiri mpaka mchana, kisha yeye akashika usukani saa nyingi. Hapo ndipo maneno ya mama yake yakamrudia, moja baada ya jingine. Meli iliponea kwa sababu ilibeba nta na magogo, vitu vinavyoelea. Walitangatanga karibu wiki nne, na walipofika Ireland chakula chao cha mwisho kilikuwa kinachemka chunguni.

Tangu siku hiyo, kila mwaka aliiadhimisha tarehe ile kwa shukrani. Lakini baba yake hakumwona tena. Mzee alikuwa ameondoka kwenda Canada siku chache tu kabla mwana hajafika nyumbani. Newton alimwandikia akiomba msamaha, mzee akamjibu kwa upendo, kisha mwaka 1750 akafa huko huko kwa kuzama majini. Wewe unayemwambia mzee wako utamtembelea Krismasi, sijui utamkuta.

Sasa ungetegemea mtu huyu aache biashara ya watumwa, sivyo? Alirudi! Mwaka ule ule 1748 alirudi Afrika akiwa msaidizi wa nahodha. Kati ya 1750 na 1754 akafanya safari tatu akiwa nahodha mwenyewe. Alifika kwenye kile kisiwa, na ile miti aliyoipanda ilikuwa imezaa. Akachuma ndimu zake za kwanza. Ile kejeli imetimia. Ndimu alizikumbuka, lakini wale waliompa chakula kutoka minyororoni hakuwakumbuka.

Juu alikuwa akisali na mabaharia, akisoma Biblia chumbani mwake, akimshukuru Mungu kwa wema. Chini ya miguu yake wanaume, wanawake na watoto walilala wamebanana kama vitabu kwenye rafu, wengine wakifa njiani. Mwaka 1752, akishuku wanapanga kuasi, aliwabana vijana vidole gumba kwa chuma ili waseme. Mtu wa maombi huyo! Alimshukuru Mungu kweli kweli, nami siamini alikuwa mnafiki. Ila shukrani yake ilipanda juu tu, pembeni haikwenda.

Biblia ina mtu kama huyo. Katika Mwanzo 40 mkuu wa wanyweshaji wa Farao alisaidiwa na Yusufu gerezani, akatoka, akarudishiwa kikombe chake, akamsahau Yusufu miaka miwili mizima. Tunawasema sana wale wakoma tisa wa Luka 17 ambao hawakurudi kumshukuru Yesu. Mnyweshaji tunamsahau, labda kwa sababu tunafanana naye.

Mimi ninayekuandikia niliishia darasa la saba. Nilipofika mjini kutafuta kazi nililishwa miezi mitatu kwa mkopo na mama ntilie mmoja, ugali na maharage, na siku sina hata senti ananipa ukoko na mchuzi. Nilipopata kazi, unajua nilifanya nini? Nilibadili njia. Nilizunguka mtaa wa pili nisipite mbele ya banda lake. Nilipookoka, nikasimama ibadani kushuhudia wema wa Bwana machozi yakinitoka, na bado nilikuwa nazunguka mtaa wa pili. Siku nilipopata ujasiri wa kwenda, banda lilikuwa limevunjwa, na majirani hawakujua amehamia wapi. Jina lake kamili sikuwahi kumwuliza.

Newton aliacha bahari mwaka 1754 kwa ugonjwa, si kwa toba. Alianguka ghafla kama mtu wa kifafa, daktari akamkataza safari. Akafanya kazi ya ushuru bandarini Liverpool, akajisomea Biblia mpaka akaijua, na mwaka 1764 akawa mchungaji katika mji mdogo wa Olney. Wimbo ule aliutunga kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773. Hata wakati huo, kijana, alikuwa bado hajaipinga hadharani biashara ya watumwa. Huwa tunauimba kama wimbo wa mtu aliyemaliza, kumbe Mungu alikuwa bado hajamaliza naye.

Alihamia London mwaka 1780. Mwishoni mwa 1785 alijiwa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameokoka na kutaka kuacha siasa. Newton akamshauri abaki bungeni, Mungu atamtumia pale pale. Na alipoanza vita dhidi ya biashara ya watumwa, mzee alijua hawezi kukaa kimya tena.

Mwaka 1788, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, alitoa kijitabu chake juu ya biashara ile. Humo alikiri kwamba ungamo lake limechelewa, na kwamba kuikumbuka kazi aliyoifanya kutamwaibisha siku zote. Akaeleza yote: minyororo, vyuma vya vidole, maiti za asubuhi. Kisha akaitwa mbele ya wakubwa wa serikali na kamati ya bunge, akatoa ushahidi. Angeweza kujitetea kwamba ni mambo ya ujana na amekwisha samehewa. Hakufanya hivyo.

Machi 1807 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha biashara hiyo. Newton alikuwa mzee, macho yameingia giza, lakini alikuwa hai. Alikufa tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Rafiki yangu, kabla hujalala leo chukua kalamu. Nyuma ya karatasi hii andika jina la mtu aliyekulisha, aliyekulipia ada, aliyekaa nawe hospitali, na wewe ukabadili njia. Kama jina hulijui, andika mahali. Kesho baada ya mahubiri nitakuwa upande wa kulia wa jukwaa, chini, si juu. Njoo na karatasi yako. Tutaomba toba kwa Yesu pamoja, na kama mtu wako bado yu hai na nauli ni ya daladala, tutakwenda wote.